Ramani za bure za AAVSO: nzuri kwa Mira, lakini angalia kipimo

Mira, nyota katika kundi la Cetus, yaani Nyangumi, hufifia na kung'aa tena kwa mzunguko wa siku 332 hivi. Ikiwa kileleni, magnitudi (kipimo cha mwangaza; namba ndogo ni nyota kali zaidi) 3 na ushei, huonekana kwa macho matupu. Ikizama hufika 9, na hapo binokula ya 10x50 huanza kuhangaika. Kuipima unahitaji ramani yenye nyota za kulinganishia. AAVSO, chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota zinazobadilika mwangaza, cha tangu 1911, huzitoa bure mtandaoni kupitia chombo chake cha kuchora ramani, Variable Star Plotter, wala hudaiwi kujisajili.

Andika jina, chagua herufi ya kipimo, ramani inatoka nyeusi kwenye karatasi nyeupe. Kipimo A ni ramani ya upana wa nyuzi 15 za anga, B ni 3. Namba zilizo kando ya nyota hazina nukta, maana nukta ingedhaniwa ni nyota: 41 ni magnitudi 4.1.

Kasoro ipo palepale kwenye A. Ramani huweka Mira katikati, kwa hiyo kila upande unabaki na nyuzi 7.5 tu, na Menkar, nyota ya 2.5 unayoihitaji Mira inapokuwa kali, iko nyuzi 13 hivi kutoka hapo. Haimo. Dawa ni kuacha jina na kujaza koordineti, yaani mahali angani (saa hapa ni kipimo cha anga, si muda): saa 2 dakika 40, nyuzi +0.5. Hapo Mira, Delta Ceti (4.1), Gamma Ceti (3.5) na Menkar zote zinaenea kwenye ukurasa mmoja. Mwangaza wa Mira ukionekana katikati kabisa ya ule wa Gamma na wa Delta, andika 3.8. Mira ni nyekundu, kwa hiyo usiikodolee macho. Ukiitazama kwa muda mrefu itazidi kung'aa machoni mwako bila yenyewe kubadilika. Tupia jicho, hamia ya pili, rudi.

Mwelekeo nao huwachanganya wengi. Ramani yenye kaskazini juu na mashariki kushoto inafaa kwa macho na binokula. Kwa darubini yenye kioo cha pembeni, kinachopindisha mwanga kuelekea jicho, chagua iliyogeuzwa, la sivyo kushoto kutakuwa kulia.

Kutuma vipimo kunahitaji msimbo wa mtazamaji, nao ni bure. Nakili namba ya ramani iliyochapishwa juu yake. Bila hiyo hakuna ajuaye ulilinganisha na nyota zipi. Makosa mengi huwa kwenye saa. Siku ya Julian, hesabu ya siku mfululizo ambayo wanaanga huitumia kuandika muda kwa desimali, huanza saa 6 mchana UT (saa za dunia), yaani saa 9 alasiri ya Afrika Mashariki, hivyo kipimo cha saa 3 usiku huishia na .25, si .875.

Mira isipoonekana, tuma hivyo hivyo: alama ya < kisha magnitudi ya nyota hafifu kuliko zote uliyoiona, mfano <8.2.