Kinu cha Sarehole, Birmingham: Nenda Siku ya Kusaga

Kwetu neno kinu huja akilini pamoja na mchi wake, kwa hiyo kabla ya safari nilimweleza binti yangu wa miaka tisa kwamba kinu cha Sarehole ni jengo zima la matofali, lenye ghorofa, lililojengwa mwaka 1771 ili maji ya mto Cole yasage nafaka badala ya mikono ya watu. Kiko Hall Green, kusini mwa jiji la Birmingham, na leo ni jumba la makumbusho ambalo mawe yake bado husaga siku zilizopangwa.

Nawasihi wanaokwenda waulize kwanza ni siku ipi kinu kinafanya kazi. Maji hutunzwa katika bwawa lililo nyuma ya jengo, na yanapofunguliwa gurudumu kubwa huanza kuzunguka taratibu mno, hata mtu hudhani halina nguvu; kumbe nguvu hiyo hupanda kwa magurudumu yenye meno hadi ghorofa ya mawe, ambako jiwe la chini hutulia tuli na la juu huzunguka likikaribia kuligusa. Ngano huingia kwa tundu la katikati, hutoka ukingoni ikiwa unga, kisha hushuka hadi chini. Nilipokinga kiganja niliukuta unga una uvuguvugu, na sakafu nzima ilitetemeka chini ya miguu yetu.

Wageni wengi huja kwa ajili ya J.R.R. Tolkien, mwandishi wa riwaya ya The Lord of the Rings, nami pia ndiye aliyenivuta. Alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, akaletwa Uingereza na mama yake akiwa na miaka mitatu. Baba yake aliyebaki nyuma akafariki mapema mwaka 1896. Mwaka huo huo mama mjane alipanga nyumba karibu kabisa na kinu hiki, wakaishi hapo hadi mwaka 1900. Tolkien na mdogo wake Hilary walizoea kuchungulia humu ndani, wakamwogopa kijana wa mwenye kinu, ambaye kwa vumbi jeupe lililomfunika walimwita Zimwi Jeupe. Wakati huo mawe yalikuwa yakisaga mifupa kwa ajili ya mbolea.

Kilichonigusa zaidi ni dohani ya matofali iliyosimama kando ya paa. Iliongezwa katika karne ya 19, kinu kilipofungiwa injini ya mvuke. Msomaji wa The Lord of the Rings anakumbuka jinsi kinu cha zamani cha kijijini kinavyobomolewa na kingine kikubwa kujengwa mahali pake, kikatapika moshi na uchafu. Nami siku zote nilidhani mwandishi alikulia katika shamba safi, halafu viwanda vikaja baadaye kuliharibu. Lakini dohani ilikuwapo tayari alipokuwa mtoto, na uzuri ule na hofu ile vilitoka katika ua mmoja wa kinu. Kinu kiliacha kazi mwaka 1919 kikaanza kuoza, na wananchi walipochangisha fedha za kukiokoa miaka ya 1960, Tolkien naye alitoa mchango wake. Kilifunguliwa kwa umma mwaka 1969.

Ngazi za ndani ni nyembamba na zina mwinuko mkali, hivyo mzee mwenye maumivu ya magoti ajiandae kubaki chini, ambako bado ataliona gurudumu. Baada ya hapo tembeeni hadi Moseley Bog, msitu wenye majimaji ambamo ndugu hao wawili walicheza. Viatu vya kufunika mguu vinahitajika.

Tulirudi na mfuko wa unga wa ngano isiyokobolewa. Kwa chapati unafaa sana, ila uukande kwa maji mengi kidogo kuliko unga mweupe, kwa kuwa pumba hunywa maji, kisha uuache utulie nusu saa kabla ya kusukuma.