Waliniuzia propela, ugonjwa ulikuwa kwenye usukani

Karakana siitaji jina. Mafundi wa boti za mwendo Unguja hawajazi kiganja, nikisema hata ni upande gani wa mji tayari nimeshawataja, na kesi sina nafasi nayo. Nataka tu mwenye boti ya mbio asome haya kabla hajafungua pochi.

Boti yangu ya faiba, nyembamba, tumbo la V, na mashine moja kubwa nyuma. Habari za nguvu za farasi na futi waulizeni wauzaji. Niliinunua ili niwafikishe wageni kisiwa cha Mnemba asubuhi, kabla ya msururu wa boti nyengine, kwa hivyo mwendo ndio biashara yangu, na mwendo inao. Lakini mwishoni mwa kaskazi iliyopita ikaanza vituko. Ukishapita kama kilomita 70 kwa saa inalalia kushoto, inarudi kulia, kushoto tena, kulia tena, na kila ikirudi inazidi. Deli la maji baridi linateleza kutoka ubavu huu kwenda ule, wageni wanaacha kupiga picha na kuanza kukamata chochote.

Ajabu yake ni kwamba siku ya mawimbi haikusumbui, maana siku hiyo hukimbii. Ugonjwa unatoka asubuhi zile za Nungwi, maji yamelala kama kioo. Hapo boti imenyanyuka, imebaki kukalia kipande kidogo tu cha tumbo karibu na tezi, yaani nyuma, na kipande hicho ndicho chenye kubeba kila kitu. Punguza moto, inatulia. Bonyeza trimu, kile kitufe cha kuinamisha mashine, uishushe omo, yaani mbele, inatulia pia, ila sasa unakokota maji, mwendo unakufa na mafuta yanakwenda. Basi ya nini kununua boti ya mbio?

Nikaipeleka kwa hao mabingwa. Kuipakia kwenye trela na kuivusha mji mzima hadi kwao ni gharama peke yake, hiyo niiache. Bosi nimemkuta amekaa kiti cha plastiki, chai mkononi, kachori kwenye kipande cha gazeti. Nimemsalimia vizuri, nimemueleza kama nilivyoeleza hapa. Hakunyanyuka. Wallahi hakunyanyuka. Boti iko hatua chache kutoka kwake, hakuigusa hata kwa kidole. Akaitazama kwa mbali, akamalizia kachori, akajipangusa vidole, kisha akasema mbele ya mpwa wangu ambaye ndiye baharia wangu:

"Yakhe, boti hii haina kosa. Boti hii ya watu wanaojua. Wewe ungetafuta ngalawa."

Vijana wake wakacheka. Mpwa wangu akageuza uso akajifanya anatazama kamba. Mimi bahari nimeanza nayo nikiwa sijaota ndevu, na huyu bwana ananiambia ngalawa! Na aijuaye ngalawa haendi nayo hovyo namna hiyo kuitolea mfano, wale wanaoziendesha na tanga moja kwenye kusi ni manahodha kuliko sote.

Nikameza. Nikamwambia, ndugu yangu, naomba angalau mtu atingishe usukani, nahisi una pleyi, umelegea. Akanijibu, "Ukigeuza boti inageuka?" Inageuka, nikasema. "Basi usukani mzima." Akamtuma kijana ndani alete propela ya stenlesi, ya panga nne. Ile yangu ilikuwa ya alumini, panga tatu. Bei milioni na ushee. Nikalipa, kwa sababu nilishafika, boti iko juu ya trela, na wageni wako njiani.

Mnajua yaliyofuata. Boti iliondoka vizuri zaidi, kwenye kona haikupoteza maji, lakini kule juu kwenye mwendo kuyumba kuko palepale, kumesogea mbele kidogo tu. Nikarudi. Safari hii alikuwa amesimama, lakini kwa sababu alikuwa anaongea na simu. Akaniwekea kiganja kwenye kipaza sauti cha simu, akasema, "Tia gunia la mchanga upande wa kulia," akaendelea na mazungumzo yake.

Hapo, kwa haki, hakusema uongo. Propela nyingi za mashine moja zinazunguka kwenda kulia ukizitazama kutoka nyuma, na nguvu ile inalielekeza tumbo la boti lilalie kushoto. Uzito ukiuweka kulia unasaidia. Tena si mchanga tu, hata betri na tangi la mafuta mtu anaweza kuvihamisha. Ushauri wenyewe ulikuwa wa fundi. Ila umetolewa namna ya kumtupia paka kichwa cha dagaa, na wakati huohuo umeziba mdomo wa suala langu la usukani, ambalo nimeliuliza kwa heshima na kwa mara ya pili.

Aliyeniponyesha ni mzee mmoja wa Mkokotoni, anafanyia kazi chini ya mkungu, hana hata ukuta. Nilimwita ami, akaniita mwanangu, akataka boti ishushwe pale pale kivulini. Hakuuliza mashine nguvu gani. Alimwambia mpwa wangu, "Kaa pale, kamata usukani, usiuachie ukenda." Yeye akapita nyuma, akaikumbatia mashine kwa mikono miwili chini kabisa karibu na propela, akaisukuma kushoto, akaivuta kulia. Usukani mkononi mwa kijana haukutikisika. Mashine imetembea upana wa vidole vyangu viwili. Kila ikifika mwisho inagonga, tok, tok.

"Umesikia?" akauliza. Nimesikia, ami. Hata kuku wa jirani walisikia.

Halafu akanieleza, na hapa ndipo hasira zangu zilipoanza upya. Boti ikilalia upande mmoja, nahodha anageuza usukani kuikamata. Kama kebo ya kutoka usukani kwenda kwenye mashine imelika na mipira ya kushikilia mashine imechoka, mkono wako umeshageuka lakini mashine bado iko inapoamua yenyewe. Mpaka ije kuitikia, boti imeshaanza kurudi upande wa pili, kwa hivyo ile nguvu uliyoituma kuizuia inakwenda kuisukuma. Unasahihisha tena, unachelewa tena. Kumbe kila nilipopigana nayo nilikuwa naipa mzigo. Nahodha wa aina gani angeweza kuishinda pleyi ya vidole viwili? Hata yule wa kachori asingeweza, na ningelipa nauli nimuone akijaribu.

Mzee hakuishia hapo. Akaazima rula ndefu ya alumini kwa mafundi wa madirisha, akajiingiza chini ya boti, akailaza kwenye tumbo kutoka tezi kwenda mbele, akichungulia kama kuna mwanga unapita. Boti ikikaa muda mrefu kwenye trela yenye viegemeo vibaya, tumbo linaweza kuingia ndani au kutoa kibiongo karibu na tezi, na ikiwa hivyo hutoipatia dawa kwa usukani. Yangu ilikuwa imenyooka. Bolti mbili za mashine zililegea, akazikaza. Kimo ilichofungwa mashine akakiacha.

Kebo ikatoka, ukaingia usukani wa haidroliki, unaosukumwa kwa mafuta. Vifaa vilitoka Dar na vilichelewa, mzee hana lawama hapo. Kazi iliyomchukua muda ni kutoa hewa kwenye mipira ya mafuta, anasema hewa ikibaki ndani pleyi inarudi na umetupa pesa. Mipira ya kushikilia mashine ikabadilishwa pia.

Tulikwenda kuijaribu mkondo wa Tumbatu, maji yamejaa. Kabla hajaniruhusu kutia moto alinifunga mwenyewe kamba ya kuzimia mashine mkononi, akakaza fundo, na akamtaka kijana avae boya. Nikapandisha trimu kidogo kidogo. Pale ilipokuwa ikianza kucheza, ikataka kulala, nikaigusa tu usukani, ikakaa. Nikaongeza. Ikakaa. Mpwa wangu akapiga ukelele ambao nadhani Mkokotoni nzima waliusikia.

Sasa kuna jambo linaniudhi kulisema. Ile propela ya milioni na ushee ni nzuri. Nzuri sana. Panga ya nne inaishika boti nyuma, inatoka majini haraka ikiwa na wageni wote, na kwa usukani huu mpya sioni kitu cha kuibadilisha. Yaani bwana yule ameitazama boti kwa mbali, na kachori mdomoni, akachagua propela inayoifaa. Ana jicho. Nilikuja kuandika msiende kabisa, na sasa nawaambia kama tatizo lenu ni propela, nendeni, mtapata mali halali. Chukueni ubani mfukize njiani msikasirike.

Lakini usimpelekee boti inayoyumba! Mtu mwenye jicho kama lile alishindwaje kunyanyuka kitini na kushika mashine kwa mikono miwili? Ni kazi ya kufumba na kufumbua, haihitaji spana. Ningekuwa na wageni siku ile, na mtoto ndani, na boti ikapinduka mbele ya Mnemba, angewaambia polisi nini, kwamba ningetafuta ngalawa? Kila nikikumbuka hayo, nyota ninazowapa zinashuka.

Na bado. Propela yangu ya alumini waliifungua wakaiweka ndani, sijaiona tena. Nimepiga simu, kijana akajibu ilikwenda na hesabu. Hesabu gani? Nimelipa bei kamili na hakuna aliyenitajia kubadilishana. Panga zake hazina hata jino, ningeibeba ya akiba.

Nyota mbili. Mpwa wangu atapita huko wiki hii. Propela ikirudi nitaongeza moja.