Visu vya slasha kutoka duka moja la vipuri Nakuru: nunua, lakini simamia ufungaji mwenyewe

Slasha yangu, yaani mashine ya kufyeka nyasi kwa visu vinavyozunguka, ni ya futi tano, ina visu viwili, na hufungwa nyuma ya trekta ya Massey Ferguson 375 katika shamba lililoko upande wa Solai, ambako nyasi zenyewe hazina ubaya wowote. Kinachomaliza visu ni visiki vya leleshwa, kichaka cha mti mgumu, vilivyojificha ndani yake, pamoja na mawe yanayoibuka upya kila baada ya mvua. Kufikia Desemba, baada ya kufyeka mabua ya mahindi, ncha za visu zilikuwa zimelika zikawa mviringo kama kidole gumba, na mashine ikawa inalaza nyasi badala ya kuzikata, ikiacha mistari iliyosimama kama kichwa kilichonyolewa na kinyozi anayejifunza kazi.

Naeleza kwanza kwa nini nilienda dukani, kwa sababu mara ya mwisho nilikuwa nimechongewa visu na mafundi wa jua kali kutokana na springi za lori, kwa karibu nusu ya bei. Springi si chuma kibaya, maana panga na majembe mengi tunayotumia hutoka huko huko. Ubaya ulikuwa kwenye uzito: nilipovipima baadaye, kimoja kilikuwa kimezidi kingine kwa gramu 300 hivi. Mtu anaweza kudhani hicho ni kitu kidogo, lakini shafti ya PTO, ile inayotoa nguvu ya injini nyuma ya trekta, ikizunguka mara 540 kwa dakika, giaboksi ya mashine yangu huongeza mwendo huo hadi karibu mara 800, na ncha ya kisu hupita kwa kasi ya takriban kilomita 220 kwa saa. Kwa mwendo huo, gramu 300 huvuta upande mmoja kwa nguvu ya zaidi ya kilo 100 katika kila mzunguko. Kiti cha trekta kilitetemeka msimu mzima, na mwishowe sili ya giaboksi ikaanza kuvuja mafuta.

Kuhusu visu vya duka hili, sina lawama. Mhudumu aliniambia nije na kisu kimoja cha zamani badala ya kutaja jina la mashine tu, akapima tundu la bolti, unene na urefu, kisha akaniuliza slasha yangu inazunguka kuelekea wapi, swali ambalo sijawahi kuulizwa kwingineko, ingawa kisu cha mzunguko wa kulia hakifai katika mashine ya mzunguko wa kushoto kwa kuwa makali yake yatabaki nyuma. Nilipoomba tuvipime, aliviweka kwenye mizani kimoja baada ya kingine bila kununa, na tofauti haikufika gramu 20. Aliniuzia jozi, akakataa kabisa kuniuzia kimoja, na hapo nilimheshimu zaidi.

Tatizo lilianza pale nilipouliza kuhusu bolti na nati. Hazikuwepo. "Mzee, hizo za zamani bado ziko sawa, fundi atazikaza tu," nikaambiwa, na kwa haraka yangu nikakubali, nikalipia na huduma ya fundi kuja shambani. Nati hukazwa, lakini kisu chenyewe cha slasha hakikazwi kikatulia. Huning'inia kwenye shingo ya bolti ili kikigonga kisiki kijikunje na kurudi nyuma, na ni shingo hiyo inayolika. Tulipozifungua bolti zangu, moja ilikuwa na mfereji ambao ukucha ulizama ndani yake.

Fundi mwenyewe nilimkuta akijilaza chini ya slasha iliyoinuliwa kwa haidroliki pekee, nikamwomba atoke hata kabla hatujasalimiana vizuri. Paipu ikipasuka, au mtoto akigusa wenzo, mashine ile hushuka bila kubisha hodi. Tuliweka magogo ya mkaratusi pande zote mbili, injini ikazimwa, na ufunguo ukaingia mfukoni mwangu. Alitaka pia kuvinoa visu vipya kwa grinda mpaka viwe kama wembe. Nilimzuia, kwa kuwa slasha hukata kwa kasi, na makali ya unene wa milimita moja na nusu yanatosha, ilhali makali membamba zaidi hukunjika kwenye kisiki cha kwanza.

Kitabu cha mashine yangu kinataka nati zikazwe kwa takriban Nm 600 (newtonmita, kipimo cha nguvu ya kukaza), ambazo ni sawa na kusukuma kwa nguvu ya kilo 30 kwenye mwisho wa bomba la mita mbili lililochomekwa kwenye spana. Fundi alikuja na spana fupi. Alipoondoka, nilichukua rangi ya kucha ya binti yangu, nikapitishia tundu la juu ya mashine na kuchora mstari mwekundu kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kinachobeba kisu. Baada ya saa moja ya kufyeka nilizima trekta na kuchungulia: kwenye nati moja mstari ulikuwa umekatika, vipande viwili vimeachana kwa upana wa kidole. Kisu cha kilo kadhaa kikichomoka kwa kasi niliyoitaja, hakichagui wa kumpiga.

Nilirudi dukani siku iliyofuata, na wanastahili sifa kwa kutobishana: walinirudishia ada ya fundi na kuniagizia bolti mpya na nati za kujifunga, zikafika baada ya siku nne. Tulizifunga mimi na dereva wangu kwa bomba refu, na sasa, baada ya takriban saa 40 za kazi, mistari myekundu haijasogea, kiti kimetulia, na nyasi zinakatwa sawasawa hata kwenye kona. Kwa visu nawapa alama tisa kwa kumi. Kwa ufungaji, tatu. Ukienda, usitoke dukani na visu kabla hawajakuwekea bolti mezani.