Usukani wa lori langu ulivyong'olewa kwa nyundo hapa Mtwara

Si kawaida yangu kuwaandika mafundi vibaya, na gereji hii iliyopo njia ya Mikindani nilikuwa nikiisifia kwa kila aliyeniuliza, lakini walichoufanyia usukani wa lori langu msimu wa korosho uliopita kinanikera kila ninapoushika.

Lori ni Isuzu ya zamani, ya enzi ambazo usukani haukuwa na mfuko wa hewa, na kazi yake kubwa ni kubeba chumvi kutoka mashamba ya huku pwani, kwa hiyo kila chuma chake kimeshika kutu. Swichi ya indiketa ilikufa, na ili kuibadilisha ni lazima usukani utoke. Kazi hiyo ina utaratibu wake: waya wa betri unafunguliwa, kifuniko cha honi kinabanduliwa, magurudumu yananyooshwa, alama inapigwa kwenye shafti na kwenye kitovu cha usukani ili virudi vilivyokuwa, nati inalegezwa bila kutolewa yote, kisha pula, kile kifaa cha kuuvuta usukani utoke, inafungwa kwenye matundu mawili yenye hesi yaliyo kando ya nati na kukazwa taratibu mpaka usukani uachie. Nati huachwa kwenye hesi za mwisho kwa sababu usukani ulioganda ukiachia ghafla humrukia fundi usoni.

Fundi niliyepewa hakupiga alama yoyote. Alitoa nati yote, akamwamuru kijana wake auvute usukani, naye akaanza kuigonga ncha ya shafti kwa nyundo, ilhali pula imening'inia ukutani na sote tunaiona. Nilipomwomba, kwa adabu kabisa, aitumie, au angalau amwagie mafuta ya kulainisha kwenye meno ya shafti yanayoushika usukani, ayaache yapenye, alinijibu bila hata kugeuka: "Mzee, kama unajua kufungua, gari umeleta huku la nini?" Vijana wakacheka, na baadhi yao ni rika la wajukuu zangu.

Usukani ulitoka, sikatai. Ila ncha ya shafti ilikuwa imefumuka kwa kugongwa hata nati ikagoma kurudi, ikabidi hesi zipigwe tupa, na kile kidude cha plastiki nyuma ya usukani kinachorudisha indiketa baada ya kona kilikuwa kimevunjika. Kwa hiyo nina swichi mpya ambayo naizima kwa mkono. Zaidi ya hayo, kwa kuwa hapakuwa na alama, usukani ulirudishwa kwenye meno yasiyo yake, na lori likinyoosha barabara kuelekea Mingoyo, usukani umelala upande kana kwamba nakata kona.

Haki isemwe kuhusu fundi umeme wa gereji hiyohiyo, kijana mpole, ambaye aliunganisha swichi vizuri, akaniita nione waya wa honi ulioanza kuchubuka, akaufunga bila kudai senti ya ziada. Kwa ajili yake nilidhamiria kuandika kwamba gereji inafaa, na kwa kazi za nyaya labda inafaa kweli. Lakini nikikumbuka kwamba aliyegonga ndiye aliyedai fedha nyingi kuliko wote, na juu yake akaongeza ya usumbufu eti usukani ulikuwa mgumu, nafuta sifa hizo zote.

Baadaye fundi mwingine, wa Masasi, aliutoa usukani uleule kwa pula, akauweka kwenye meno yake, na nyundo haikuguswa. Ndiye aliyeniambia pia kwamba beringi ya juu ya shafti imeanza kucheza kwa yale mapigo.

Nilimpigia simu mwenye gereji, akanisikiliza vizuri, akaniomba radhi, tena nikakaribia kulainika. Kisha akasema nilipeleke lori, yule fundi wa mwanzo ataniangalizia bure. Sipeleki.