Geti la mzabibu kutoka karakana ya Kizota, Dodoma

Mimi ni mkulima wa zabibu Hombolo, na kwa nyumba yangu ya Nkuhungu nilitaka geti lenye mzabibu unaotambaa, siyo yale maua ya kununua tayari yanayochomelewa popote penye nafasi. Karakana niliyoipata huku Kizota inastahili kusifiwa.

Kwanza wanakuchorea kwa chaki sakafuni, saizi kamili. Fundi mkuu aliufuta mchoro wake mwenyewe, maana mizunguko ya mkunjo mmoja ilikuwa imeachana kwa nafasi sawasawa kutoka nje hadi katikati. Mkunjo unatakiwa ubane kadiri unavyoingia ndani, ndivyo kikono cha mzabibu kinavyojisokota kwenye waya pale shambani. Halafu flatibaa, yaani chuma bapa, inapashwa moto kwenye mkaa, ncha inapondwa kwa nyundo mpaka iwe nyembamba, ndipo inazungushwa kwenye kalibu, yaani umbo la kukunjia chuma. Tawi moja linapinda kushoto, linalofuata kulia, na kila linapotoka kwenye shina hakuna kona. Linaachana nalo taratibu. Mikunjo miwili ikigusana, weldi inafichwa kwa bangili ya chuma. Nimepitisha kidole pote, ni laini.

Kazi ya namna hii ina ukoo mrefu. Wagiriki waliikunja mikunjo hiyo kwenye vichwa vya nguzo zao za Kiayoni. Mizabibu imetambaa kwenye mozaiki za Kuba la Mwamba, Jerusalem, la mwishoni mwa karne ya 7, na kwenye ukuta wa mawe wa kasri la Mshatta la Jordan, ambao sehemu yake kubwa iko Berlin. Hapa kwetu, nenda Mji Mkongwe, Zanzibar, uangalie fremu za milango ya zamani.

Bei iko juu kuliko ya geti la maua ya dukani, na walichelewa. Kilichoniudhi ni rangi: walipaka juu ya matone ya weldi bila kupiga grainda, mvua za kwanza tu kutu ikachungulia. Nilipowapigia walikuja, wakasaga, wakapaka upya bila kudai hela.

Kwa madirisha, chukua nondo zilizonyooka. Vumbi letu la kiangazi linajaa kwenye mizunguko, na wavu wa mbu unakaa vibaya. Kwa geti, nendeni bila wasiwasi, ila wakuonyesheni weldi zote kabla brashi haijagusa chuma.