Kilimanjaro Safaris ya Florida, ikipimwa kwa macho ya Moshi

Karibu na Orlando, Florida, ndani ya bustani ya Disney's Animal Kingdom, kuna mchezo wenye jina la mlima wetu: Kilimanjaro Safaris. Upo tangu bustani ilipofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998. Humohumo kuna rolakosta, yaani treni ya mchezo inayopanda na kuporomoka kwenye reli, ya Expedition Everest, iliyoanza 2006. Wa kwanza unategemea mandhari, wa pili unategemea moyo kudunda. Mtu wa Moshi au Arusha aliyekwenda Marekani kikazi au kwa ndugu, akiwa na siku moja tu ya bustani hiyo, ana haki ya kujua upi unalipa zaidi. Tunasema mandhari, kwa sharti kwamba aliyeitengeneza anajua anachokiiga na haachi kuitunza.

Lori lililo wazi ubavuni linakuzungusha kwa dakika 18 hadi 20 kwenye eneo la ekari zipatazo 110. Barabara unayoiona ya udongo, yenye michirizi ya matairi, ni zege iliyotiwa rangi na kuchapwa alama kabla haijakauka. Mibuyu ni ya zege, na vichuguu havina mchwa. Kazi bora kuliko zote ni migunga, ambayo mingi si migunga. Ni mialoni ya huko, imepunguzwa matawi ya chini na kusawazishwa juu mpaka ikashika umbo la mwavuli. Dereva aliyezoea Tarangire ataigundua kwa jani: la mgunga ni vijani vidogovidogo vilivyopangana kama unyoya, la mwaloni ni zima na gumu. Na miiba hakuna. Lakini kwa umbali wa mita hamsini, jua likiwa bado chini, umbo linatosha kabisa.

Uzio nao umefichwa vizuri. Simba na wanyama wanaoliwa wanaonekana kama wako uwanda mmoja, kumbe katikati kuna handaki ambalo kutoka kwenye kiti huwezi kuliona. Jiwe wanalolalia simba limewekewa mitambo ya kupoza, ndiyo maana wanakaa juu, peupe, hata joto la Florida likipanda. Anayepeleka wageni Serengeti anajua simba wa saa sita mchana yuko wapi: chini ya kichaka, mkia tu ndio unaoonekana.

Sasa kasoro, na hizi mtu wa huku ndiye anayeziona. Mji wa kubuni unaopita kabla ya kupanda lori unaitwa Harambe, herufi moja pungufu ya harambee yetu. Kuta zake zinaigiza Lamu, hata lipu imebanduliwa kwa makusudi ili ionekane imeliwa na chumvi ya bahari. Kazi ni safi, lakini Lamu na Kilimanjaro vimetengana kwa mamia ya kilomita. Mlima wenyewe haupo. Kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga, hakipo: hakuna migomba yenye kahawa chini yake, wala mfongo, mfereji unaoteremsha maji. Kwa mchezo uliochukua jina la Kilimanjaro, hilo ni pengo kubwa kuliko herufi iliyopotea.

Wanyama nao wamechanganywa. Okapi ni wa misitu ya Kongo, mandrili ni wa Afrika ya Kati upande wa magharibi, na faru weupe asili yao ni kusini; wa Ngorongoro ni weusi. Mgeni aliyeanzia huko kisha akatua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, anaweza kumdai dereva wake okapi, na dereva hana kosa lolote. Tunaipa alama 8 kati ya 10, na mbili tulizokata ni za jiografia.

Everest tunaipa 7. Treni yake inapita kwenye mlima wa kuigiza, ambao kimo chake ni karibu mita 61, chini kidogo tu ya futi 200, kwa sababu jengo likifikia futi hizo huko Marekani hutakiwa kuwekewa taa za kuonya ndege, na taa inayowaka kileleni ingeharibu mlima wote. Foleni inapita kwenye ofisi ya safari, duka la vifaa na jumba la makumbusho la yeti, zimwi la hadithi za Himalaya. Aliyewahi kufanya kazi na wapagazi wa Marangu atatambua kamba, vyungu na makaratasi ya vibali. Kasi ya juu ni kama kilomita 80 kwa saa, mwendo wa basi kwenye lami ya Moshi–Arusha, na mporomoko ni mita 24. Kinachotisha ni kwamba treni inasimama juu mbele ya reli iliyong'olewa, kisha inarudi kinyumenyume gizani. Bila mandhari ile, kilomita 80 hizo zisingemtoa mtu jasho.

Tatizo lake ni yeti. Lilitengenezwa likurupuke kwa nguvu ya haidroliki, lakini muda mfupi baada ya kufunguliwa mwendo wake ulizimwa, na kwa miaka mingi limekuwa likimulikwa kwa taa za kumetameta ili jicho lidhani linasogea. Kwa kuwa treni inapita chini yake kwa sekunde chache, wengi hawagundui. Anayejua, anaona sanamu. Ndizo alama tulizokata.

Wanaotetea kasi tupu wana mfano mzuri Abu Dhabi: rolakosta ya Formula Rossa katika bustani ya Ferrari World, iliyoanza 2010, inafika kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde 4.9. Lakini sifa ya rekodi hudumu mpaka rekodi ivunjwe, na mitambo ya namna hiyo huchoka. Rolakosta ya Kingda Ka ya New Jersey, yenye kimo cha mita 139, ilianza 2005, ikafungwa 2024, na Februari 2025 ikalipuliwa kwa baruti. Mialoni ya 1998 inazidi kunenepa.

Ukienda, anza na lori mara geti linapofunguliwa, kabla ya joto. Usitegemee kusimama kwa ajili ya picha kama kwenye Land Cruiser uliyoikodi mwenyewe; weka kamera tayari na kamba yake shingoni, maana lori linarushwarushwa makusudi. Watoto wa kimo chochote wanapanda. Everest inataka sentimita 112, basi mpime mtoto nyumbani ili asilie mlangoni. Akipungua, omba kubadilishana: mzazi mmoja apande, mwingine abaki naye, kisha wapokezane bila kupanga foleni upya. Kuanzia Juni hadi Septemba radi za alasiri husimamisha rolakosta za nje, hivyo usiiache Everest mpaka saa tisa.