Jimu ya Shangani ni nzuri, ila Manispaa itujengee yetu

Nimemaliza miezi mitatu kwenye jimu moja hapa Shangani, Mtwara. Mwalimu ana subira kweli. Alinifundisha kuchuchumaa na chuma begani bila kuumiza goti, na sasa ngazi za kazini nazipanda bila kushika ukuta. Ila mashine ya kukimbilia ni moja, foleni ya jioni haiishi, na elfu tatu kwa siku ni kitoweo cha wanangu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mama lishe wa sokoni azifanyie wapi? Ufukweni alfajiri, gizani? Manispaa ijenge jimu ya umma karibu na uwanja wa mpira wa Nangwanda Sijaona, hata ya bati. Ushuru wangu uende huko.